Wamama Kumi, Lori Moja, Karatasi Moja

Ningepewa ruhusa ya kufuta siku moja tu katika maisha yangu, mwanangu, ningeiacha hata ile niliyosinzia nikaanguka na kiti katikati ya misa. Ningefuta Jumamosi moja ya mwaka juzi. Naikumbuka yote, hadi viatu alivyovaa mama.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua wewe uko darasa la saba, na mimi nina miaka kumi na saba tu, na ndevu zangu zote unaweza kuzihesabu ukiwa umesimama kule mlangoni. Lakini katika shule hii aliyefika mwaka wa mwisho ni mzee, na mzee akianza kusimulia ujana wake, wadogo hunyamaza. Basi nyamaza. Na uache kutafuna hiyo biki, ni yangu.

Mama yangu ni mchuuzi wa mpakani. Kila Jumanne anaondoka hapa Lubumbashi, anavuka Kasumbalesa, anaingia Zambia kununua kabichi na vitunguu, na kila Alhamisi anapaswa kurudi. Nasema anapaswa. Kwa kawaida tunamwona Jumamosi, macho mekundu, kabichi zimekuwa njano.

Nikueleze kwa nini, maana bila hilo hutaelewa kosa langu. Hakuna mama hata mmoja kati yao anayeweza kukodi lori peke yake. Kwa hiyo wanajikusanya kumi, wanakodi lori moja. Lori likifika mpakani, deklarant, yaani yule mtu anayejaza karatasi za forodha kwa niaba ya wenye mizigo, anaandika karatasi moja kwa lori zima. Ndivyo utaratibu ulivyo: lori moja, karatasi moja. Sasa jirani yetu Mama Chantal anauza mayai. Mayai yanahitaji cheti cha daktari wa mifugo, na daktari anasaini asubuhi tu. Lori likichelewa kidogo, mayai yanamngoja daktari, kabichi za mama yangu zinangoja mayai, na wamama kumi wanalala juu ya magunia. Kesho yake kitu kingine kinakosekana kwa mama mwingine. Hivyo hivyo mpaka Jumamosi.

Na sisi nyumbani tunangoja. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nalia. Mimi ni mtu wa mizaha, unanijua, hata mkuu wa nidhamu ananijua, tena ananijua zaidi ya anavyotaka. Lakini mzaha unahitaji mtu wa kuucheka. Mama yangu hucheka huku anakataa kucheka. Anajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yanatetemeka, kisha anasema, "Toka hapa, mupumbafu." Nimejaribu kumtolea mzaha kwa simu akiwa Kasumbalesa. Mtandao unakatika katikati, na ukirudi namsikia anauliza, "Ulisema nini?" Mzaha ukiurudia unakuwa maiti. Kwa hiyo kila Alhamisi naweka akiba ya mizaha yangu yote ya wiki, na ikifika Jumamosi, yeye analala kabla hata sijaanza wa kwanza.

Basi, mwaka juzi nchi nyingi zilikuwa katika mazungumzo marefu juu ya mambo ya forodha. Nchi zinazoendelea zilikuwa zinaomba utaratibu mwepesi: fomu fupi, saini chache, mwenye magunia matatu asijaze karatasi zilezile za mwenye malori ishirini ya shaba. Wajumbe wachache walipita hapa kwetu kabla ya kwenda kwenye kikao. Walitaka kuwasikia wachuuzi wenyewe, katika ukumbi wa parokia, siku ya Jumamosi. Kila kundi lilipewa dakika tano, kwa Kifaransa, na maandishi yangekabidhiwa yaende na faili lao.

Wale wamama kumi wakamchagua mama aseme, kwa sababu anasoma Kifaransa vizuri. Na mama akanichagua mimi niandike. Alinipigia simu Alhamisi mchana, akiwa kwenye foleni ya malori.

"Andika vile niko nasema, mwana. Shiye kumi, camion moja, karatasi moja. Mayayi ya Chantal ikikosa cachet, ile muhuri ya docteur, kabichi yangu inaoza. Tunaomba kila mama akuwe na karatasi yake, hata kama bintu biko mu camion moja. Njo ile tu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Rudilia."

Nikarudia, neno kwa neno.

"Muzuri. Usitie chumvi."

Mwanangu, nilitia gunia zima la chumvi. Nilikaa na rafiki yangu Trésor, tukaanza kucheka. Mayai! Mbele ya watu wenye tai! Trésor akaniambia sitaweza kuingiza neno "nonobstant" mara tano katika ukurasa mmoja. Unalijua neno hilo? Hulijui. Ni "licha ya" iliyovaa tai. Hata mwalimu wetu wa Kifaransa hulitoa siku za hasira tu. Tukaweka dau: atakayeshindwa abebe begi la mwenzake wiki nzima. Nikafungua simu, nikaokota sentensi nono nono kutoka kwenye taarifa za mazungumzo yenyewe, nikazishona pamoja. Mayai nikayatupa. Kabichi nikazitupa. Nonobstant ikaingia mara sita. Kusema kweli, nilijiona mtu mkubwa.

Jumamosi mama alishuka kwenye lori asubuhi, akaoga, akavaa viatu vyake vya Pasaka, na karatasi nikampa mlangoni tukiwa tumeshachelewa. Hakupata nafasi ya kuipitia. Aliniamini. Hapo ndipo ninapotaka kufuta, mwanangu, hapo mlangoni, vile alivyoipokea kwa mikono miwili.

Ukumbini akasimama, akasoma. Mimi na Trésor tulikuwa nyuma, tunahesabu kwa vidole. Nonobstant ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita. Ya tatu ilimkwama kooni. Akaanza kusoma polepole, macho yanashuka chini ya ukurasa, yanapanda tena, kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba. Trésor alikuwa anacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Alipomaliza, mjumbe mmoja mwanamke, mpole kabisa, akampigia makofi na kumwambia kwa Kiswahili kizuri, "Asante sana, mama. Haya yote tayari yamo katika rasimu yetu. Tunafurahi kwamba tunakubaliana."

Bila shaka yamo. Nilikuwa nimeyatoa humo humo.

Mama akafungua mdomo kutaka kuongeza, lakini dakika tano zilikuwa zimekwisha, na kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi mwa kundi lingine. Akakaa.

 Tulipofika karibu na nyumbani akaniuliza, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Mayayi ya Chantal, uliiweka ku mustari gani? Nilikuwa naitafuta wakati niko nasoma."

Nikamwambia, "Mama, bale ni bantu bakubwa. Bangecheka."

"Bangecheka?" akasema. "Acha bacheke. Muntu akicheka kitu, anakikumbuka. Weye, muntu wa kuchekesha, haujui ile?"



Mwaka jana zile nchi zikakubaliana. Fomu mpya ikaja, na kweli ni nyepesi: ukurasa mmoja, unajaza ukiwa umesimama. Wamama wakacheza pale barabarani kwetu, Mama Chantal akawapikia majirani wote mayai. Alhamisi iliyofuata tuliweka chakula mezani, sahani ya mama ikiwemo. Hakuja. Mizigo iliyo ndani ya gari moja, fomu inasema, inahesabiwa pamoja. Mwenye baiskeli anapita asubuhi moja. Wamama kumi katika lori moja wanahesabiwa kama tajiri mmoja mwenye mzigo mkubwa, wanarudishwa kwenye karatasi ile ya zamani. Hakuna aliyewaambia wajumbe kwamba kuna watu wanaoishi hivyo. Aliyepaswa kuwaambia alikuwa anahesabu nonobstant.

Babu yangu, tunamwita Kambo, alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Kule Sakania alikuwa anabandika karatasi kwenye mabehewa. Alinikuta nimekaa mbele ya ile sahani iliyofunikwa, nikamwambia yote, dau na begi pamoja. Nilifikiri atanichapa. Alivuta kiti.

"Miaka yote nilikuwa naandika juu ya wagon," akasema. "Kama ndani iko bunga ya mahindi, unaandika bunga. Siku moja nilikuwa kijana kama weye, nikaandika 'machine', sababu neno lilikuwa la kupendeza. Wagon ikapelekwa kwa bantu ba machine. Bantu ba bunga bakalala njaa. Neno lako halina kosa, mwana. Liko muzuri sana. Lakini linapeleka wagon kwingine."

Kisha akala chakula cha mama chote, kwa sababu, alisema, kilikuwa kinapoa.

Labda hata ningeandika mayai wajumbe wasingeyasikia. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini "labda" ni kitu kibaya kuishi nacho, inakaa mezani Alhamisi mchana na haiondoki. Leo ni Alhamisi. Simu ya mama haipatikani tangu saa nne asubuhi. Mwezi uliopita aliniambia upya maneno yake, nikayaandika yote, mayai kwenye mstari wa kwanza, nikamsomea mara mbili, tukayatuma kwa wale wajumbe. Wanasema watakaa tena kuipitia ile fomu. Hawajasema lini.

Kwa hiyo hii ndiyo nasaha yangu, na uishike, maana wewe una mwandiko mzuri na kesho kutwa mtu atakuja kwako na kusema niandikie. Mtu akikupa maneno yake uyabebe, usiyavalishe suti. Usiyaonee aibu kwa niaba yake. Kile unachoona ni kidogo mno kusemwa mbele ya wakubwa, huenda ndicho pekee ambacho wakubwa hawakijui. Andika, kisha msomee mwenyewe kabla hajasimama mbele ya watu, na akisema umeacha kitu, rudi uandike tena, hata kama ukurasa ulikuwa umependeza. Mizaha fanya, mimi ni nani nikukataze. Ila kwanza jiulize ni nani atakayeilipia, na kama hayupo pale kucheka nawe, acha.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo wako. Akufungulie kila mpaka utakaoufikia, na wale unaowangoja awarudishe kwako kungali mchana, mikono yao ikiwa bado na nguvu ya kukukumbatia. Haya, nenda darasani. Na biki yangu uiache hapo.