Mapipa Mawili ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alizaa wana wawili, akampenda mmoja. Mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti pale Kasulu mjini, ndiye aliyekosa. Mwaka 2012 alitaka mama yake amwone na yeye ni mtoto, hata mara moja tu, akaamua kumpelekea pipa la maji kule Heru Juu.

Alilichagua kwa ufundi wake wote: chuma kilichochovywa kizima kwenye zinki iliyoyeyushwa, utando mnene, umeshikamana na chuma chenyewe. Ila lilikuwa la kijivu, lina madoa. Wiki hiyohiyo kaka yake, mwenye duka Kibondo, akaleta la kwake. Hilo zinki yake ilipakwa kwa umeme, nyembamba kama ganda la kitunguu, lakini linang'aa hata ungejitazama humo ukachana nywele.

"Hili baya la muhogo," mama mkwe akasema. "Hili zuri la maji ya mvua."

"Mama, muhogo hapana," mume wangu akamsihi. "Maji ya kuvundikia ni makali, yanakula zinki."

"Ebo! Leo wewe ndiye wa kunifundisha kuvundika muhogo?"

Kwetu muhogo mchungu huvundikwa bondeni, unalowekwa majini siku kadhaa hadi uchungu utoke. Yeye, kwa kuogopa wezi, akauvundika pipani. Ugali wake ulikuwa kama kulamba msumari. Wajukuu walitapika, na mimi nikatapika. Akasimama uani kuwatangazia majirani kwamba huyu mwanawe amemletea sumu. Mume wangu aliinamisha kichwa kama mwizi aliyeshikwa. Nilimchukia yule mama, na sioni haya kusema.

Mvua za mwaka wa pili zilipoisha, pipa la kaka mtu lilikuwa limeota kutu kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Jamani, nilifurahi! Nikajua leo mama mkwe atakiri.

"Kutu ni uzee tu," akasema. "Hata mimi nazeeka. Mwambie mumeo aje alitengeneze."

Nilimkataza asiende. Akaenda. Alisugua kutu yote kwa msasa, akapaka kwa brashi rangi ya zinki, ile ya kuzibia pale utando ulipokwisha, akarudia mara ya pili. Mama mkwe akawaita majirani walewale.

"Njooni muone pipa aliloniletea mwanangu wa Kibondo. Miaka yote hii, bado jipya!"

Mume wangu alikuwa amesimama palepale, brashi mkononi. Njiani tukirudi akaniuliza, uso umemchangamka, kama nimesikia mama alivyoisifu kazi yake.