Rangi ya Chumba cha Bibi

Ukungu haufungui kopo la rangi kwa ukucha. Nimemwambia hivyo kaka yangu Anselmi, na yeye anarudia palepale: ulichoka, ulikuwa na njaa, ukungu ulikuwa mzito, umemwona mama fulani wa jirani. Haya, huyo mama wa jirani aje basi anitoe hili doa mkononi. Wewe unayesoma, nikudanganye ili nipate nini? Nimemaliza kidato cha nne, kanisani naenda, mambo ya mizimu nilikuwa nayacheka mpaka Jumamosi.

Nianze na chumba, maana bila chumba hutaelewa hasira yangu. Bibi yetu, mama yake baba, alifariki baada ya Pasaka. Kama ilivyo kwetu huku mlimani tulimzika hapohapo nyumbani, kwenye migomba, chini ya dirisha lake. Mimi nalala na wadogo zangu wawili kitanda kimoja. Mmoja anapiga mateke, mwingine anakojoa. Baba akasema chumba cha Bibi kikipakwa rangi kabla ya Krismasi, ni changu. Kisipopakwa, baba mdogo akija kutoka Dar ataweka vitu vyake humo, atapiga kufuli na kuondoka na ufunguo. Hapo ndiyo basi tena. Unawajua watu wa Dar na vyumba vya nyumbani.

Sasa kazi ikawa rangi. Mama anasema zamani hapakuwa na ubishi, ilikuwa chokaa, na ukikosa chokaa unakaa hivyohivyo. Siku hizi ukienda duka la mjini wanakupa kadi ina vipande vya rangi mpaka macho yanauma. Baba akataka kijani, eti hakionyeshi uchafu. Mama krimu. Anselmi, ambaye hata halali humo, akataka chini bluu juu nyeupe, kama zahanati. Kadi ilizunguka mezani mpaka ikashika mafuta ya ndizi. Kila mtu alikuwa na la kusema, hadi yule anayekojoa kitandani. Mwishowe nikashuka mjini mwenyewe, nikanunua niliyoitaka tangu mwanzo, bluu ya anga.

Narudi, ilikuwa alasiri tu, lakini ukungu ulishashuka mpaka kwenye kahawa. Pale njia yetu inapokatisha mfereji kulikuwa na mwanamke mzee amekaa, kajifunika blanketi kichwani. Nikamwamkia, shikamoo. Hakuitikia. Niambie, ni mzee gani wa huku asiyeitikia shikamoo? Nikataka kupita, akaweka mguu njiani.

"Unapaka chumba cha nani?"

Sikujiuliza amejuaje. Kopo nilikuwa nalo mkononi, na nilikuwa nimechoka kuulizwa habari za rangi. "Changu," nikamjibu.

"Chako tangu lini? Mwenyewe amejua?"

"Mwenyewe amekufa."

"Nimekuuliza kama amejua. Sikukuuliza kama amekufa."

Akalivuta kopo, akaingiza ukucha chini ya mfuniko, ukafunguka kama wa sufuria. Na ule ukucha, niamini, niliujua kabla sijaujua uso. Ukucha wa kidole gumba uliopasuka katikati, ulipasuliwa na mashine ya kumenyea kahawa kabla mimi sijazaliwa. Huo ukucha umenitoa miiba miguuni utoto wangu wote. Akachovya kidole, akanipaka kwenye kiganja cha mkono.

"Ya baridi hii," akasema. "Nitatetemeka."

Nilikimbia. Sijui nililichukuaje kopo. Nafika nyumbani, mfuniko umebana vilevile ulivyotoka dukani. Anselmi aliufungua kwa bisibisi, tena kwa kuhangaika. Lakini kiganjani nilikuwa na bluu.

Na kwa sababu mimi ni mbishi, nikapaka. Jumapili baada ya misa nikapaka ukuta wote wa dirishani. Asubuhi ulikuwa unalia maji, rangi yote imeteremka sakafuni. Nikafuta, nikapaka tena. Ikateremka tena. Anselmi anasema ni chokaa ya zamani, rangi haishiki juu ya chokaa. Sawa, msomi. Mbona nilichobakiza nimepaka ukumbini, kwenye chokaa ileile aliyopaka Bibi kwa mkono uleule, na kimeshika vizuri? Hapo anaanza habari za unyevu.

Leo jioni mama kanikuta nasugua mkono kwa mafuta ya taa. Akaliangalia lile doa, akakaa. Akaniuliza kama nakumbuka Bibi alivyokuwa akifanya. Nakumbuka. Ng'ombe akizaa, Bibi alikwenda kwenye kaburi la Babu na maziwa, akamwambia. Nilipokwenda sekondari alinipeleka pale kaburini, akamwagia Babu maziwa kidogo, akamtajia hadi jina la shule. Alipokufa yeye, nani amemwambia kitu? Baba ni kiongozi wa jumuiya kanisani, anasema marehemu wako kwa Mungu, hawahitaji taarifa. Tumebishana rangi nyumba nzima, kijani, krimu, zahanati, na mwenye chumba yuko hatua chache chini ya dirisha anatusikiliza.

Basi doa lipo. Sabuni imeshindwa, mafuta ya taa yameshindwa, ndimu imenichubua tu. Ninavyoandika linang'aa kama limepakwa sasa hivi, na ni la baridi kweli, hata nikilisogeza karibu na taa. Na wewe ambaye umepewa chumba cha mtu, usifurahie ufunguo tu. Uliza kwanza kama mwenyewe ameambiwa. Usije ukaulizwa wewe, njiani, ukajibu kwa mdomo kama wangu.

Kesho asubuhi, baba akishatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, nitachukua maziwa kwenye kibuyu chake Bibi. Nitakata na jani la sale, lile la kuombea msamaha, maana nilisema changu. Nitaiweka kadi ya rangi juu ya kaburi, nitapiga magoti, nitamwambia Bibi naomba kulala chumbani kwako, mateke yamenichosha, chagua wewe. Akitaka krimu, krimu. Akitaka chokaa, nitakoroga chokaa. Hata kijani cha baba nitapaka, ila hapo nitamwomba afikirie tena.