Mshubiri na Mwani wa Ziwa

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupishana Mbinga na malori yao, maabara ya shule yetu ilibaki na hadubini moja na kabati tupu. Chama cha ushirika, kilichokuwa kikitununulia vifaa, kilikosa kahawa ya kuuza, na vifaa havikuletwa tena. Mwalimu mwenzangu wa biolojia alikuwa ameacha kazi, naye akawa anazunguka vijijini kununua kahawa, kwa hiyo madarasa yote yakawa yangu.

Kidato cha tatu walitakiwa kulinganisha mmea wa nchi kavu na mwani wa maji baridi. Nilimweleza mkuu wa shule kwamba sina cha kuwaonyesha.

"Tujitegemee, mwalimu," alisema, akarudi kikaoni.

Mshubiri, ule mmea mchungu wa majani manene, niliung'oa nyuma ya nyumba, nikauweka dirishani. Mwani niliufuata ziwani, Mbamba Bay, Jumamosi, juu ya lori.

Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa wa usipa ufukweni alinitazama nikikwangua mawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huo utelezi unakwenda kuula?"

"Nakwenda kuufundisha."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha jiwe lenye nyuzi ndefu zaidi, tukaujaza mwani kwenye dumu nililokuja nalo, pamoja na maji ya ziwa.

Wakati wa kurudi, katikati ya mlima, lori lilichemsha. Dereva akauliza nani ana maji. Jua lilikuwa kali, na abiria mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Wote waliligeukia dumu langu. Sikubishana, nguvu ya kubishana ningeitoa wapi? Niliutoa mwani, nikaufunga kwenye khanga niliyoilowesha, maji yakaenda kwenye rejeta. Tulipofika Mbinga, khanga ilikuwa imekauka.

Jumatatu mwani ulikuwa na rangi ya majani ya chai. Mshubiri, pamoja na kukaa bila udongo, ulikuwa umenona vilevile. Nilipoukata ukachuruzika ute. Wanafunzi wakapanga foleni kwenye hadubini.

Binti mmoja aliyetoka kijiji cha Maguu akasema, "Mwalimu, mshubiri umejiwekea maji ndani. Mwani haukuzoea kuweka, maji yalikuwapo tu."

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia, nikaketi.

Sikuwahi kuketi mbele ya darasa tangu nianze kazi. Nilingoja wapige kelele, hawakupiga. Waliendelea kuchora, wakipishana kwenye hadubini kwa kunong'ona, mpaka kengele ikalia. Nilipoinuka, mmoja wao alikuwa ameshanifutia ubao.