Kiwanja cha Nyuma

Dada yangu ni fundi muashi, na ukoo mzima hakuna anayethubutu kununua ardhi kabla yeye hajaichimba. Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo ndimi ninayesumbuliwa zaidi. Nina mke na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga, na mwenye nyumba keshatupa notisi. Kile kiwanja alichonionyesha dalali nilikitaka mpaka nikawa nakiota.

Tulikwenda asubuhi. Dada akachimba shimo la kumfika kifuani, akafinyanga udongo kiganjani, akauvunja, akaunusa. Kisha akamwaga ndoo ya maji shimoni na kuketi kuyatazama yakinywewa.

"Huyu anatafuta kiwanja au kisima?" dalali akaninong'oneza.

"Udongo mzuri," dada akasema hatimaye. "Haupasuki, hautuamishi maji. Nyumba itakaa. Haya, sasa tuione njia."

Hapo ndipo ninapomwogopa dada yangu. Njia ya kila kiwanja huipita taratibu, mikono nyuma, vidole vimekunjwa, na kwenye kila kona husimama kidogo kama anayemsubiri mtu. Wasiomjua hudhani anapumzika.

Shemeji, mumewe dada, alipozidiwa na ugonjwa, njia ya nyumbani kwao ilikuwa imezibwa kwa ukuta. Jirani wa mbele aliwapa njia hiyo kwa mdomo tu, na alipofariki, wanawe wakasema hawaitambui. Gari la wagonjwa likabaki barabarani. Tuling'oa mlango wa chumbani, tukamlaza mgonjwa juu yake, tukapitia bondeni. Dada alishika mbele, mimi nyuma. Mimi nilimwona alipokata roho. Dada hakuona, akaendelea kumwambia, "Tumefika, baba, tumefika."

Njia ya kiwanja changu nayo ilikatiza uani kwa mtu, mzee mcheshi aliyetukaribisha kwa viti.

"Piteni tu, wanangu. Nani atawazuia na mimi nipo?"

Dada alimshukuru kwa heshima zote, halafu akamwendea mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, aliyekuwa akifungua gurudumu la pikipiki. Ndivyo afanyavyo siku zote. Njia haiombi kwa mwenye nayo, huiomba kwa atakayeirithi.

"Kaka, tukinunua hapo nyuma, mtakubali tuandikiane kuhusu hii njia?"

Jamaa hakuinua kichwa. "Si mzee keshasema? Piteni tu kwa sasa."

Dada akaanza kufuta jembe lake. Nikajua kiwanja kimeponyoka.

Hasira zilinipanda. Bei naimudu, udongo mzuri, mzee mwenyewe mkarimu, na huku nyumbani virago viko mlangoni.

"Hawa watoto nikawalaze wapi, dada? Kila kiwanja una neno. Shemeji utambeba mpaka lini?"

Dalali akajifanya anatazama simu. Mimi nilitamani ardhi ile nzuri inimeze. Lakini dada hakukasirika. Aliitazama njia, na mikono yake ikarudi nyuma yenyewe.

"Sijamfikisha, mdogo wangu," akasema. "Kila usiku tunaishia bondeni. Na wewe huko nyuma huniambii kitu."

Dalali akakohoa, akasema kuna mteja mwingine anasubiri jibu letu. Nikamwambia ampigie.