Kidole Juu ya Sinai

Harufu ya makoti yaliyolowa yakikaukia juu ya hita hunirudisha kwenye meza ya nyumba yetu ya ughaibuni, Thornton Heath. Nilikuwa nimebanwa ukutani, baba kushoto, baba mdogo kulia, na mbele yangu ramani iliyo mwishoni mwa Biblia.

"Umati mzima, miaka arobaini," alisema baba mdogo, aliyekuwa akisomea akiolojia, kidole chake kikiwa juu ya Sinai. "Wamechimba, hawajapata hata kigae kimoja. Na bahari yenyewe ni ipi, kaka? Wengine wanasema ni ziwa la matete tu."

"Mchanga unafukia," baba alijibu. "Mama yetu alikufa akiiamini safari hii. Alikuwa mjinga?"

Nilitaka kutoka, lakini ilibidi mmoja wao anipishe, na hakuna aliyesogea.

Baba akanigeukia. "Haya mwanangu, walivuka au hawakuvuka?"

Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kusoma ramani. Nikajibu kwa Kiingereza, macho yakiwa mezani, kwamba walivuka.

"Umejibu vizuri," alisema baba mdogo, akaondoka bila kula.

Jumapili iliyofuata mama alimwekea baba mdogo sahani, na Jumapili nyingine pia, lakini hakuja, mpaka mama akaacha kumwekea.