Namba Iliingia kwa Simu ya Mzee

Nilienda ofisi ya ushirika wetu wa maziwa hapa Kedowa kugombana, kwa sababu maziwa yangu yalikataliwa. Nikakuta fundi wa kompyuta anawawekea makarani neno la siri moja la kufungua kila kitu: maziwa, mishahara, stoo. Lakini kwanza kompyuta inatuma namba kwa simu yako, ijue ni wewe.

Ya karani wetu iliingia kwa simu ya mzee wake, yaani mumewe. Alipoandikwa kazi walikuwa na simu moja tu. Na kijiji kizima kinajua hawaongeleshani tangu mzee auze ng'ombe wao mtamba bila kumwambia.

Karani akampigia, akaweka spika.

"Soma hiyo namba."

"Nani?"

"Bibi yako. Ama uko na mwingine?"

Mzee alitafuta miwani mpaka namba ikaisha muda. Ikatumwa nyingine, akaisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu hakukata.

"Nilikuwekea chai kwa thamosi. Ukatoka bila kuangalia."

Karani alipangusa kioo cha simu na kidole gumba, na hakikuwa kichafu.

"Usimwage," akasema. "Nakuja saa saba."

Fundi akamwambia, "Mama, naweza kuweka namba yako, usisumbue mzee."

"Hii kitu itauliza kila siku?"

"Hapana, mara moja kwa mwezi. Lakini ukitaka, kila asubuhi."

"Weka kila asubuhi. Na namba ya mzee iache hapo."

Waliotengeneza hayo mambo ya namba walidhani wanazuia wezi.