Jenereta ya Chini ya Dirisha

Mwaka huo mkuu wa kitivo alitangaza kwamba wanafunzi wataulizwa kama wanaridhika na masomo yetu, na somo lisilowaridhisha litapewa mwalimu mwingine. Akanitazama mimi. Aka! Kwa nini mimi?

Nilijua kwa nini. Darasa langu la saa nne lilikuwa kimya. Nauliza swali, wananikodolea macho tu, na nyuma wawili watatu wanachezesha midomo. Nikajua wananisengenya. Nikafoka: "Ninyi bantu, muko bubu?" Wapi! Basi wamenichoka, nikasema, na somo lile nililipenda kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Siku yenyewe ilipofika, mwalimu alitakiwa kutoka nje, wanafunzi waseme wao kwa wao, kisha CP, yaani mwanafunzi anayesemea darasa, atuletee jibu. Nikasimama barazani na mkuu. Ndani wakacheka. Nikajiambia, limekwisha hilo, nikafuge kuku.

CP akatoka, kijana anayekuja kila siku kutoka Kipushi, mbali nje ya mji.

"Maman, usikasirike."

"Sema tu!"

"Bantu ba nyuma habasikie kintu. Saa nne banawasha groupe, iko nalia chini ya dirisha. Weye unauliza, siye tunaona kinywa tu."

Jenereta! Mimi nilishaizoea, hata siisikii tena.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulisema sana, Maman. Weye ndiye haukusikia."

Mkuu akakohoa kuficha kicheko. "Sasa munataka mwalimu mwingine?"

"Hapana, Papa! Tunataka huyu huyu. Lakini saa moja asubuhi, mbele ya kuwasha groupe."

Saa moja, katika baridi ya Juni, na yeye wa Kipushi! Itabidi atoke kwao gizani. Nani anajitesa hivyo kwa ajili ya mtu aliyemchoka? Ee Mungu wangu, nilipumua! Nikageukia ukuta, wasione machozi.

Jumatatu iliyofuata nilivaa sweta mbili. Wote walikuwapo, wengine wamejifunga vitenge mpaka masikioni. Nikauliza swali la kwanza. Wakajibu wote kwa pamoja, kwa kelele, hata mlinzi akaja kuchungulia.

"Mumoja mumoja, bantu!" nikafoka, lakini nilikuwa nacheka.